Maswali ya wasomaji: Nyasi za mapambo za msimu mmoja

Katika toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu nyasi zinazopandwa kwa ajili ya uzuri wake, nikasema kwamba zile za msimu mmoja ndizo nyepesi zaidi kwa anayeanza kutunza bustani ya nyumbani. Barua mlizoniletea zimenionyesha kuwa aya mbili hazikutosha, na kwamba wapo waliozipanda na kukwama njiani. Nimechagua barua saba zinazogusa mambo ambayo wengi wenu mmeyauliza kwa maneno tofauti, na nafasi yote ya safari hii nimeitoa kwa somo hilo moja.

Shikamoo, mama. Nina ua mdogo unaopata jua kutwa, na upande mmoja una ukuta mtupu ambao ningependa kuufunika kwa kitu chenye uhai. Dukani nilionyeshwa nyasi za mapambo za kudumu na za msimu mmoja, nikarudi nyumbani mikono mitupu kwa kutojua nichukue zipi. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Tuanze na tofauti yenyewe, maana ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Nyasi za kudumu huweka akiba yake chini, kwenye mizizi na kisiki. Hukauka au hukatwa juu, kisha huchipua tena palepale mwaka baada ya mwaka. Nyasi za msimu mmoja hazina akiba hiyo. Huota, hutoa majani, huchanua, huzaa punje na kufa, yote ndani ya msimu mmoja, na nguvu yote iliyomo ndani ya mmea huishia kwenye suke. Ndiyo sababu huwaambia watu wazichague kwa kutazama suke kwanza na jani baadaye. Anayetaka jani zuri kwa muda mrefu na anunue za kudumu, tena awe na subira, kwa kuwa nyingi huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kujaa. Anayetaka masuke mengi na ya mapema, kwa gharama ya pakiti ya mbegu, pamoja na uhuru wa kubadili sura ya bustani msimu ujao, hizi za msimu mmoja zinamfaa, na nadhani wewe ni mmoja wao.

Wala usizionee hofu kana kwamba ni mimea migeni. Familia ya nyasi ina aina zaidi ya 11,000, na humo ndimo yalimo mahindi, mpunga, ngano, mtama na uwele. Baadhi ya nyasi bora za mapambo ni ndugu wa karibu kabisa wa nafaka hizo, na aliyewahi kuona shamba la uwele tayari anajua nusu ya anachotakiwa kujua.

Kwa ukuta wako ningeweka nyuma kabisa uwele wa mapambo wenye majani ya zambarau. Unaojulikana zaidi ni ule uitwao 'Purple Majesty', uliopata mwaka 2003 nishani ya dhahabu ya All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu aina mpya za mimea ya bustani. Hufikia mita moja hadi mita moja na nusu, na masuke yake husimama wima kama mishumaa minene. Mbele yake panda kitu chepesi kitakachovunja uzito wa rangi hiyo. Panicum elegans, hasa aina iitwayo 'Frosted Explosion', hutoa vishada vyembamba vilivyotawanyika kila upande, na kwa umbali huonekana kama ukungu wa asubuhi uliotua juu ya kitanda cha maua. Hukua kati ya sentimita 60 na 90. Ukingoni kabisa, mahali mkono wa mpita njia unapofika, weka Lagurus ovatus, ambayo wapenda bustani wengi huiita mkia wa sungura. Jina hilo halikubuniwa juzi, kwani Lagurus lenyewe limetoka katika maneno ya Kigiriki yenye maana ya sungura na mkia. Kimo chake ni sentimita 30 hadi 50, na suke lake ni yai dogo la manyoya meupe, laini kiasi kwamba watoto hawawezi kupita bila kuligusa.

Hata hivyo, kama ungeniambia nichague moja tu, nisingechukua hata mojawapo ya hizo tatu. Ningechukua Briza maxima. Chuma bua lake moja ulishike mbele ya macho: utaona kwamba kila kikonyo cha suke ni chembamba kama unywele, na kwenye ncha yake kumening'inia kitu kilichojikunja magamba juu ya magamba, chenye umbo la moyo mdogo uliobinuliwa, kijani mwanzoni, kisha cha rangi ya nyasi kavu inayong'aa. Hakuna upepo unaohitajika. Pumzi yako tu inatosha kuvitikisa vyote. Vikikauka, hutoa sauti ya mchakacho mdogo sana ambayo husikika jioni kukiwa kimya. Hakuna ua la dukani linalonipa furaha hiyo.

Jambo la mwisho kabla hujaenda kununua ni majira. Nyasi hizi zimegawanyika katika makundi mawili, na pakiti nyingi hazilisemi hilo waziwazi. Lagurus na Briza, ambazo asili yake ni nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, hupenda kuota kungali na ubaridi, joto la udongo likiwa kati ya nyuzi 13 na 18 za selisiasi. Zikipandwa katikati ya joto kali huota kwa shida, na zikiota hukimbilia kuchanua zikiwa bado fupi. Uwele, mtama na Panicum ni za joto. Ukizipanda udongo ukiwa baridi, mbegu hukaa tu na kuoza, na hata miche iliyokwisha kutoka hugeuka manjano na kudumaa. Kwa hiyo kundi la kwanza lipandwe mwanzoni kabisa mwa majira ya kupanda, au hata mwishoni mwa mwaka pale ambapo baridi si kali, na kundi la pili lisubiri hadi ardhi ipate moto kweli. Aina tatu zinatosha kwa ua wako. Zipande kwa mafungu ya miche mitano au saba ya aina moja, kwa sababu nyasi moja moja iliyotawanywa huku na huku haionekani kama pambo, bali kama kitu kilichosahauliwa wakati wa palizi.

Ndugu mshauri, nilitawanya mbegu za mkia wa sungura na Briza kwenye kitanda kilicholimwa vizuri. Wiki ya tatu kitanda kizima kilijaa majani membamba yanayofanana, nikashindwa kupambanua mche na gugu. Nilipalilia kwa kubahatisha, na mwisho sikubakiwa na kitu. Je, kuna njia ya kuzitambua?

Njia ipo, ndugu yangu, lakini huanza kabla ya mbegu kugusa ardhi. Kosa halikuwa kwenye palizi yako, lilikuwa kwenye kutawanya. Nyasi changa hufanana kupita kiasi, na hata mtaalamu akiinama juu ya kitanda kilichotawanywa mbegu atasita.

Ninayoipendelea mimi ni kuotesha kwenye trei yenye vishimo. Jaza udongo wa kitalu, dondosha punje tano hadi nane katika kila kishimo, zifunike kwa tabaka jembamba la milimita tatu tu, mwagilia kwa kinyunyizio chenye matundu madogo, na zikiota usipunguze hata moja. Kila kishimo kiwe fungu moja. Fungu likifika kimo cha kidole, lichomoe na udongo wake wote, ulipande kwenye kitanda kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25. Utakuwa umeweka tita lililoshikana ambalo halifanani na gugu lolote, na kitanda kitapendeza majuma kadhaa mapema kuliko kile kilichopandwa mche mmoja mmoja. Njia hii ni ya nyasi nyembamba peke yake; uwele, mtama na mahindi ya mapambo hupandwa mche mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 30 au zaidi, kwa sababu mabua yake yanahitaji kunenepa.

Ukipenda kupanda moja kwa moja ardhini, andaa kitanda, kimwagilie, kisha usipande chochote kwa wiki mbili. Magugu yaliyolala juujuu yataota, nawe utayaparua kwa jembe jepesi bila kuchimbua udongo, maana kuchimbua kutaleta mbegu nyingine juu. Halafu chora mistari au duara kwa ncha ya kijiti, mwaga mchanga mweupe kidogo ndani ya alama hiyo, na mbegu zako zifuate mchanga. Kitakachoota nje ya mstari hakina swali.

Kwa yale yatakayoota ndani ya mstari, panda punje chache za pakiti hiyohiyo siku ileile katika chungu chenye udongo safi wa kitalu, ukiweke karibu na kitanda. Chungu hicho ni shahidi wako: kilichomo ndani yake ndicho ulichopanda, nawe utakilinganisha na kilichopo kitandani. Zoea pia kutazama kwa karibu. Jani la mkia wa sungura, hata likiwa changa, lina vinyweleo laini pande zote, hadi kwenye ala inayokumbatia bua, na ukilipitisha kati ya vidole utahisi kama umeshika kitambaa cha mahameli. Jani la Briza maxima halina vinyweleo, na ukilivuta taratibu mbali na bua utaona, pale jani linapokutana na ala, kiwambo chembamba cheupe kilichosimama kama ulimi mdogo. Ukishayaona hayo mara mbili tatu, hutasahau.

Nilinunua mbegu za uwele wa zambarau, lakini miche yote imetoka ya kijani. Nimeuziwa mbegu siyo?

Huenda hukudanganywa, dada. Uwele huo huota ukiwa wa kijani, na rangi huanza kuingia kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye bua, kisha husambaa kadiri mmea unavyopata jua lisilozuiwa na kitu. Kinachoipaka rangi ni mwanga. Miche iliyokaa dirishani, au chini ya kivuli cha mti, hubaki kijani kilichofifia hata ikifika kiunoni. Ihamishie mahali penye jua la moja kwa moja la saa sita kwa siku au zaidi, uizoeshe kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja ili isiungue, na utaona mabadiliko.

Kuna sababu ya pili ambayo barua yako haikuigusa. Ikiwa mbegu hizo zilivunwa na mtu kwenye mimea yake ya mwaka jana badala ya kutoka kwenye pakiti ya mzalishaji, basi kumbuka kuwa 'Purple Majesty' ni chotara, na watoto wa chotara hawamfuati mzazi. Baadhi watakuwa zambarau, baadhi kijani, wengine warefu na wengine wafupi. Hilo halina dawa, isipokuwa kununua mbegu mpya.

Mpendwa mshauri, nilizihudumia nyasi zangu kuliko mmea mwingine wowote bustanini: samadi kabla ya kupanda, mbolea ya kukuzia mara mbili, maji kila jioni. Zilistawi sana, kisha mvua moja ya usiku ikazilaza zote chini. Nimekosea wapi?

Umezipenda kupita kiasi, ndugu yangu, na nasema hivyo kwa heshima, kwa sababu ndivyo wengi tunavyofanya. Mbolea yenye naitrojeni nyingi hurefusha bua haraka kuliko linavyoweza kukomaa. Kuta zake zinakuwa laini, jani linakuwa zito, na suke likishalowa maji uzito wake unashinda nguvu ya shina. Maji ya kila jioni nayo yalifanya mizizi isione haja ya kwenda chini. Nyingi ya nyasi hizi zimetoka kwenye miteremko ya mawe, fukwe na kingo za mashamba, mahali ambapo chakula ni kidogo na mvua haitabiriki. Mboji kiasi iliyochanganywa kwenye udongo kabla ya kupanda inazitosha msimu mzima. Baada ya wiki tano au sita za mwanzo, ambazo kweli zinahitaji unyevu wa mara kwa mara, mwagilia kwa wingi ila kwa nafasi, udongo ukiwa umekauka kina cha kidole. Wa kulishwa zaidi ni uwele na mahindi ya mapambo, kwa sababu ya ukubwa wake, nao wasizidishiwe.

Sasa tuokoe zilizolala. Shika bua moja, upitishe kidole kuanzia chini kwenda juu, na utakutana na vifundo vilivyovimba kidogo. Vifundo hivyo ndivyo nyasi inavyotumia kujiinua: upande wa chini wa kifundo hurefuka kuliko upande wa juu, na bua likapinda kuelekea juu. Kwa hiyo kama masuke ndiyo kwanza yanatoka, usiyafunge kwa pupa. Yape siku tatu au nne, na mengi yatainuka yenyewe, ingawa yatabaki na kiwiko karibu na ardhi. Bua lililokwisha kukomaa limepoteza uwezo huo. Hilo lizungushie kamba kwenye vijiti vitatu vilivyochomekwa kuzunguka fungu zima, kamba ikiwa nusu ya kimo cha mmea na isikazwe, kwa maana nyasi iliyofungwa kama mzigo wa kuni haina tena kile ulichoipandia. Yaliyovunjika kabisa yakate leo hii uyalete ndani kwenye chombo cha maua. Maji kidogo tu yanatosha.

Nimekausha masuke ya mkia wa sungura kwa ajili ya kupamba sebule, lakini baada ya wiki mbili yalianza kupukutika, na sasa manyoya yametapakaa kila mahali. Wenzangu wanafanyaje ili yadumu?

Wenzako wanakata mapema kuliko unavyodhani inafaa. Hapa ndipo lile neno langu la kwanza, kwamba nyasi hizi uhai wake wote uko kwenye suke, linapoonekana waziwazi. Suke linapoiva, kazi yake ni kuachia punje. Huwezi kulizuia kwa gundi wala kwa maombi. Unachoweza ni kulikata kabla halijafikia uamuzi huo.

Mimi mwenyewe niliwahi kungoja hadi masuke yote yawe meupe pe, nikayakata kwa furaha na kuyatundika chumbani. Baada ya siku kumi, kila mlango ulipofunguliwa wingu la manyoya lilitembea sakafuni, na kwenye mabua palibaki vijiti vitupu. Tangu mwaka ule nakata kwa kutazama ala na chavua. Kwa mkia wa sungura, suke linakuwa tayari pale linapokuwa limetoka lote ndani ya ala yake, manyoya yamefunguka, lakini bado lina ukijani kidogo na vifuko vya chavua vya manjano havijaanza kuning'inia nje. Ukiligonga kwa ukucha na vumbi la chavua likaruka, umechelewa kwa kukaushia, ingawa hujachelewa kwa kulitazama bustanini. Briza ina uvumilivu zaidi: kata vile vimoyo vyake vinavyoning'inia vikiwa vimejaa na vinaanza kupoteza kijani, kabla havijawa na rangi ya majani makavu. Panicum ikatwe mapema zaidi kuliko zote, kishada kikiwa ndiyo kimefunguka.

Chagua siku isiyo na mvua, umande ukiwa umekauka, na ukate bua refu iwezekanavyo, kwa sababu kufupisha ni rahisi na kurefusha hakuwezekani. Ondoa majani ya chini. Funga mafungu madogo ya mabua kumi hadi kumi na tano kwa mpira badala ya uzi, kwani mabua husinyaa yakikauka na yaliyofungwa kwa uzi yatachomoka yaanguke. Tundika mafungu kichwa chini, mahali penye giza, pakavu na penye hewa inayopita. Kutundika kichwa chini hunyoosha bua. Giza huhifadhi rangi. Hewa huzuia ukungu. Wiki mbili hadi tatu zinatosha. Bua likivunjika kwa mlio unapolikunja, limekauka; likijikunja kimya, liache liendelee. Usiyapeleke bafuni wala karibu na jiko, maana mvuke utayafanya yalegee tena.

Jirani yangu amenionya kwamba nyasi ninazotaka kupanda zitamvamia na kuharibu bustani yake. Nami nina mbwa wawili na mbuzi. Nimsikilize?

Msikilize, ndugu yangu, lakini umjibu kwa aina na aina, kwa sababu onyo lake ni kweli kwa baadhi na si kweli kwa nyingine. Nyasi ya msimu mmoja haitambai chini ya ardhi kama zilivyo baadhi ya nyasi za kudumu. Njia yake pekee ya kuvuka ua ni punje. Ukikata masuke kabla ya kuiva, hakuna kitakachovuka. Ukiyaacha, inategemea ni nani uliyempanda. Briza maxima niliyoisifu pale juu imekwisha kuwa gugu katika sehemu za Australia na California, na ningekuwa simtendei haki msomaji kama ningesifu uzuri wake nikanyamazia hilo. Panapokuwa na uoto wa asili unaohifadhiwa karibu na nyumba, usiipande, au ipande kwenye vyungu na ukate kila suke.

Kubwa zaidi ni Pennisetum setaceum, ambayo siku hizi wataalamu wa mimea huiita Cenchrus setaceus. Kiasili ni ya kudumu, lakini katika nchi za baridi huuzwa kama ya msimu mmoja kwa kuwa haistahimili kipupwe. Yale masuke yake marefu yanayojipinda kama maji ya chemchemi yamewavutia watu wengi, na punje zake zikaruka na upepo. Huko Hawaii imefunika miteremko mikavu na kuchochea moto wa nyika, kwa kuwa huwaka upesi na kuchipua tena kabla ya mimea ya asili kupata nafasi. Umoja wa Ulaya uliiingiza mwaka 2017 katika orodha ya viumbe vamizi vilivyopigwa marufuku. Kuna ndugu yake mwenye majani mekundu ya zambarau, aitwaye 'Rubrum', ambaye karibu hazai punje zinazoota na huongezwa kwa kugawa kisiki. Huyo hukaa vizuri kwenye chungu chenye kina cha sentimita 30 au zaidi, na ndiye ningemshauri mtu aliyependa sura ya yule wa kwanza. Kabla ya kununua, hata hivyo, uliza kwa mamlaka ya kilimo ya mahali ulipo ni aina zipi zimekatazwa, kwa kuwa orodha hutofautiana.

Kuhusu wanyama, nina maonyo mawili. La kwanza ni la mbwa. Hordeum jubatum, ndugu wa shayiri mwenye masuke ya ndevu ndefu zinazong'aa kama hariri, ni nzuri mno dhidi ya jua la jioni, lakini ndevu hizo zina vijino vidogo vilivyoelekea upande mmoja. Pitisha kidole kutoka chini kwenda juu na utahisi ulaini; kirudishe chini na zitakukwama. Ndivyo zinavyoingia kati ya vidole vya mbwa, masikioni na puani, zikizidi kwenda ndani na kutorudi nje. Penye mbwa sipandi nyasi hiyo, na nakuomba nawe usiipande. La pili ni la mbuzi: mtama wa mapambo, kama mtama wa chakula, una sumu ya sianidi katika majani machanga, na sumu hiyo huzidi mmea unapopata ukame au baridi kali kisha ukachipua upya. Mbuzi wako asiufikie, na mabua mabichi uliyopunguza usimtupie. Mkia wa sungura hauna ndevu kali wala sumu hiyo. Anza nao huo.

Binti yangu wa miaka minane aliona shanga za kijivu akaambiwa zimeota kwenye nyasi. Anataka kupanda zake. Je, ni kweli, na inawezekana nyumbani?

Ni kweli kabisa, na nimefurahi kwamba ameuliza. Nyasi hiyo ni Coix lacryma-jobi, ambayo jina lake la pili lina maana ya chozi la Ayubu, na shanga zake zimetungwa tasbihi na mikufu tangu zamani. Kinachoonekana kama punje ni ganda gumu, laini kama kaure, lenye umbo la tone. Ua hupita katikati yake na kutokea juu. Likishakauka na kuvutwa, huacha tundu kutoka ncha hadi ncha, hivyo shanga hutoka bustanini ikiwa imekwisha kutobolewa.

Katika nchi za joto mmea huu unaweza kuishi zaidi ya mwaka, na penye baridi hupandwa kama wa msimu mmoja. Unafanana na mahindi madogo, hufika mita moja au zaidi, na tofauti na wenzake wote niliowataja leo, unapenda udongo wenye unyevu muda wote. Mwambie binti yako aloweke mbegu kwenye maji kwa siku nzima, kwa sababu ganda lake halipitishi maji upesi, kisha azizike kwa kina cha sentimita mbili, kila mmoja kwa nafasi ya sentimita 30. Zinaweza kuchukua wiki tatu au zaidi kuota, kwa hiyo asikate tamaa wala asizifukue kuzitazama. Unahitaji miezi mingi ya joto ili shanga zikomae. Mwanzoni zitakuwa za kijani. Baadaye zitageuka nyeupe, kijivu, hudhurungi, nyingine zikiwa na mistari. Zivunwe zikishakuwa ngumu na kung'aa, kabla hazijaanguka zenyewe, na zikaushwe kivulini kwa wiki mbili. Halafu avute kile kikonyo kikavu kwa vidole, apitishe uzi, na punje tano au sita azitenge kwenye bahasha kwa ajili ya kupanda mwakani.